Kikohozi Kilichotangulia Makaa

Wahenga walisema mapenzi ni kikohozi, hayafichiki. Bila shaka hawakuwa wamefika Njombe mwezi wa Juni. Huku juu, karibu mita 2,000 kutoka usawa wa bahari, kipupwe kikishika kila mtu anakohoa: mama anayepanga viazi sokoni, mwanafunzi aliyetoka kijijini alfajiri bila sweta, dereva aliyelala kwenye lori lake pale Makambako. Katika kwaya hiyo kikohozi cha kifua kikuu kinajificha vizuri kabisa. Mgonjwa anasema ni baridi tu, jirani anaitikia ni baridi tu, na muuzaji wa duka la dawa anatoa chupa ya dawa ya maji. Wiki mbili zinapita, zinakuwa sita, zinakuwa miezi mitatu.

Swali lote la kifua kikuu mkoani Njombe limekaa ndani ya miezi hiyo mitatu. Dawa zipo na hutolewa bure. Vipimo vipo. Elimu ya namna ugonjwa unavyoenea ni ya tangu Machi 24, 1882, siku Robert Koch alipotangaza mjini Berlin kwamba amemwona mdudu anayeusababisha. Kinachopotea ni siku zilizo kati ya kikohozi cha kwanza na kidonge cha kwanza, na katika siku hizo mgonjwa mmoja anawaambukiza wengine. Jambo hili lina haraka yake hapa, kwa sababu kule Ludewa, kusini mwa mkoa, makaa ya mawe ya Mchuchuma yanasubiri kuchimbwa, na mgodi wowote ni mkusanyiko wa watu na vumbi. Kifua kikuu hupenda vyote viwili.

Benchi la kilabuni

Tuanzie mahali ambapo watu hukosea. Ingia kilabu cha ulanzi jioni ya msimu wa mvua, wakati mianzi inapogemwa kwa wingi. Chumba ni kimoja, dirisha ni dogo na limezibwa kwa gunia ili baridi isipite. Moto unafuka pembeni. Watu kumi na watano wamebanana kwenye mabenchi, na kopo linazunguka mkono kwa mkono. Ikiwa mmoja wao amekonda na anakohoa, wenzake watafanya kile wanachodhani ni tahadhari: watamtengea kopo lake.

Halafu wataendelea kukaa naye kwenye benchi lilelile, saa tatu nzima, dirisha likiwa na gunia lake.

Kopo halina kosa. Kifua kikuu cha mapafu husafiri kwa hewa. Mtu akikohoa, akicheka au akiimba, chembechembe ndogo mno hubaki zikielea ndani ya chumba, na katika chumba kisichopitisha hewa zinaweza kuelea kwa saa kadhaa. Nje, kwenye upepo na jua, hutawanyika na kufa haraka. Ndiyo maana kulitoa gunia lile dirishani kunalinda watu kuliko kutenga vikombe, sahani na blanketi, vitu ambavyo havienezi ugonjwa huu lakini hueneza aibu.

Mgonjwa mmoja wa mapafu asiyetibiwa anakadiriwa kuambukiza watu 10 hadi 15 kwa mwaka. Wengi wao hawataugua. Karibu robo ya watu wote duniani wanakadiriwa kuwa na maambukizi yaliyolala, na kati ya kila 100 wenye maambukizi hayo, watano hadi kumi ndio wataugua katika maisha yao. Swali la kinga kwa hiyo ni mawili kwa pamoja: nani anaambukizwa, na nani kati ya walioambukizwa ataamshiwa ugonjwa. Swali la kwanza ni la hewa na muda. La pili ni la mwili: virusi vya Ukimwi, njaa, kisukari, pombe nyingi, sigara, na vumbi la migodini.

Njombe na mzigo wake

Katika swali hilo la pili, mkoa huu umesimama pabaya. Utafiti wa kitaifa wa viashiria vya Ukimwi wa 2022/23 ulionyesha kuwa asilimia 12.7 ya watu wazima mkoani Njombe wanaishi na VVU, kiwango cha juu kuliko mikoa yote, wakati wastani wa taifa ni asilimia 4.4. Mtu mwenye VVU ana uwezekano wa kuugua kifua kikuu mara kumi na kadhaa kuliko asiye navyo. Dawa za kufubaza virusi hupunguza hatari hiyo sana, lakini haziiondoi.

Mzigo wa pili unashangaza zaidi, kwa kuwa uko mezani. Njombe inalisha wengine: viazi, mahindi, maharage, maziwa, na sasa parachichi zinazopakiwa kwenda ng'ambo. Hata hivyo utafiti wa afya na demografia wa 2022 ulikuta nusu ya watoto wa mkoa huu walio chini ya miaka mitano wamedumaa. Chakula kinatoka shambani kwenda sokoni, na sahani ya nyumbani inabaki na ugali na mboga za majani. Mwili ulionyimwa lishe ni mlinzi aliyelala.

Takwimu za nchi nzima zinatia moyo. Makadirio ya Shirika la Afya Duniani yanaonyesha wagonjwa wapya wamepungua Tanzania kutoka 306 kwa kila watu 100,000 mwaka 2015 hadi 183 mwaka 2023, ingawa bado tumo katika orodha ya nchi 30 zenye mzigo mkubwa. Sensa ya 2022 ilihesabu karibu watu 890,000 mkoani Njombe. Kama mkoa ungekuwa na wastani wa taifa tu, hiyo ingekuwa takriban wagonjwa wapya 1,600 kila mwaka. Kwa mkoa wenye VVU karibu mara tatu ya wastani, sioni sababu ya kutarajia idadi ndogo zaidi.

Rejista iliyofundisha dunia

Tanzania si mwanafunzi katika jambo hili. Mwaka 1977 serikali ilianzisha Mpango wa Taifa wa Kudhibiti Kifua Kikuu na Ukoma, kwa ushirikiano na shirika la kimataifa la kupambana na kifua kikuu. Mshauri wake mkuu alikuwa Karel Styblo, daktari kutoka Chekoslovakia ambaye ugonjwa huo aliujua kifuani mwake mwenyewe: aliupata akiwa mfungwa katika kambi ya Mauthausen wakati wa Vita vya Pili vya Dunia.

Alichokijenga yeye na wenzake wa Kitanzania kilikuwa cha kawaida kiasi cha kuchosha. Kila wilaya iwe na mratibu wake. Makohozi yapimwe kwa hadubini karibu na mgonjwa. Mgonjwa ameze dawa mbele ya macho ya mtu. Jina lake liandikwe kwenye rejista, na baada ya muda rejista iulizwe: huyu alipona, alikufa, au alipotea? Katikati ya miaka ya 1990 Shirika la Afya Duniani liliuchukua utaratibu huo na kuupeleka duniani kote. Rejista za wilaya za Tanzania zikawa kitabu cha kiada cha mabara mengine.

Kisha VVU vikaja, na hata rejista nzuri haikutosha. Wagonjwa walioandikishwa nchini waliongezeka kutoka takriban 12,000 kwa mwaka mwanzoni mwa miaka ya 1980 hadi zaidi ya 60,000 katikati ya miaka ya 2000. Utafiti wa kwanza wa kitaifa wa mwaka 2012, ambao uliwafuata watu vijijini badala ya kuwasubiri hospitalini, ulikuta ugonjwa ni mwingi kuliko ilivyodhaniwa. Somo lake lingali na nguvu. Mfumo unaowasubiri wagonjwa waje wenyewe huwatibu vizuri wale waliofika, na hauwajui waliobaki nyumbani.

Safari ya kijana mmoja

Tumchukue kijana wa kubuni, ambaye kila mhudumu wa afya wa nyanda hizi amekutana na ndugu yake. Ana miaka 29. Anapasua mbao kambini, analala na wenzake saba katika banda la mabanzi. Anaanza kukohoa mwezi Mei. Jioni anapata homa, usiku analoweka shati kwa jasho, suruali inaanza kumpwaya.

Kwanza anakwenda duka la dawa, kwa sababu liko karibu na halina foleni. Anapata dawa ya maji na amoksilini, anapata nafuu ya siku nne. Mwezi wa pili anarudi tena. Mwezi wa tatu mama yake anasikia kwamba mtoto ametupiwa kitu na watu wenye wivu, wanakwenda kwa mganga. Mwezi wa nne anatema damu, ndipo anapelekwa zahanati. Zahanati haina mashine. Inampa kikopo cha makohozi, na kikopo kinasafiri kwa bodaboda hadi kituo chenye mashine ya vinasaba. Mashine yenyewe inatoa jibu kwa muda usiofika saa mbili. Imetanguliwa na miezi minne.

Kosa ni la nani? Kijana alitafuta tiba mara nne. Hakuna mlango hata mmoja kati ya minne aliyobisha uliokuwa umefungwa. Tatizo ni kwamba mitatu ya kwanza haikuelekea kwenye mashine. Kwa hiyo kumhubiria mwananchi awahi hospitali ni nusu ya kazi. Nusu ya pili ni kuiunganisha milango anayoipitia. Jirani zetu wa Ruvuma walionyesha njia mwaka 2003, pale maduka ya dawa muhimu yalipoanza kwa majaribio: wauzaji wake wakapewa mafunzo na kusajiliwa, wakawa sehemu ya mfumo wa afya. Muuzaji aliyefundwa kuuliza swali moja tu, "Unakohoa tangu lini?", na mwenye karatasi za rufaa kaunta, anaweza kumwokolea kijana yule miezi mitatu. Mganga wa kienyeji naye vivyo hivyo. Ukimdhihaki hataacha kazi yake. Ukimpa kikopo na namba ya simu ya mratibu wa wilaya, atakuletea mtu.

Kisha kuna aibu. Katika mkoa huu kifua kikuu na Ukimwi vimeshonwa pamoja vichwani mwa watu. Ukionekana kwenye kliniki ya TB, mtaani wameshamaliza: amekanyaga waya. Mwanamume anayesikia hivyo ataona heri kukohoa. Wahudumu wanajua kwamba kila mgonjwa wa kifua kikuu hupimwa VVU na kila mwenye VVU huchunguzwa kifua kikuu, na huo ni utaratibu mzuri wa kitabibu. Bado kuna haja ya kusema wazi, kanisani, msikitini na kwenye mkutano wa kijiji, kwamba wagonjwa wengi wa kifua kikuu Tanzania hawana VVU kabisa.

Na hata dawa zikishaanza, mambo madogo huzivunja. Tiba ni ya miezi sita: miwili ya vidonge vyenye dawa nne kwa pamoja, kisha minne ya dawa mbili. Mojawapo, rifampisini, hugeuza mkojo kuwa wa rangi ya chungwa. Asiyeambiwa mapema huamini anakojoa damu, naye huacha. Mwingine huacha mwezi wa pili kwa sababu amepona machoni pake: amenenepa, kikohozi kimekoma, na msimu wa mbao umeanza upande mwingine. Akirudi baadaye anaweza kurudi na kifua kikuu sugu, ambacho tiba yake ni ghali na ngumu zaidi. Dakika tano za maelezo siku ya kwanza zina thamani ya miezi.

Vumbi linalokuja

Sasa tuteremke Ludewa. Barabara kutoka Itoni, ambayo sehemu yake ngumu ya Lusitu hadi Mawengi imemwagwa zege, inakupeleka kutoka kwenye baridi ya chai na pareto hadi kwenye joto linaloelekea Ziwa Nyasa. Huko, eneo la Nkomang'ombe, ndiko kuliko Mchuchuma, penye akiba inayokadiriwa kuwa tani milioni 428 za makaa ya mawe. Jirani yake ni chuma cha Liganga. Mwaka 2011 Shirika la Maendeleo la Taifa lilitia saini mkataba na kampuni ya Sichuan Hongda ya China wa kuchimba vyote viwili na kujenga mtambo wa umeme. Mradi ukakwama kwa miaka. Mwaka 2023 serikali ilianza kulipa wananchi zaidi ya Sh15 bilioni za fidia, na matumaini yakaamka tena.

Wazee wa nyanda hizi wanaijua hadithi ya kazi za mbali. Enzi za mkoloni, Njombe ilikuwa bwawa la manamba: vijana walichotwa huku kwenda kukata mkonge Tanga, na wengine wa kusini walichukuliwa na Wenela, wakala wa kuajiri vibarua wa migodi, hadi Afrika Kusini. Migodi ile ya dhahabu ikawa mfano mbaya kuliko yote duniani. Benki ya Dunia imekadiria kwamba wachimbaji wa Afrika Kusini waliugua kifua kikuu kwa kiwango cha 2,500 hadi 3,000 kwa kila watu 100,000 kwa mwaka, zaidi ya mara kumi ya wastani wa sasa wa Tanzania. Sababu zake zilipandana: vumbi la silika lililoharibu seli za ulinzi ndani ya mapafu, mabweni yaliyojaa wanaume, VVU, na kurudishwa nyumbani kwa wagonjwa bila matibabu wala barua. Agosti 2012 wakuu wa nchi za SADC, Tanzania ikiwemo, walitia saini mjini Maputo azimio kuhusu kifua kikuu migodini. Mwaka 2019 mahakama ya Johannesburg iliidhinisha fidia ya mabilioni ya randi kwa wachimbaji wenye silikosisi na kifua kikuu. Wengi walikuwa wameshazikwa.

Ni haki kusema kwamba makaa si dhahabu. Vumbi la makaa peke yake huleta ugonjwa wake wa mapafu, lakini hatari kubwa ya kifua kikuu hutoka kwenye silika, ambayo imejaa kwenye miamba ya dhahabu na kuwa kidogo zaidi kwenye makaa. Hata hivyo makaa hayalali peke yake. Yamebanwa kati ya miamba ya mchanga, na mchimbaji anayetoboa mwamba huo ukiwa mkavu anavuta silika ileile. Hapa nchini, wachimbaji wadogo wa tanzanaiti kule Mirerani wameonyesha kwa mapafu yao nini hutokea vumbi likiachwa bila maji. Hospitali ya Kibong'oto iliyo Siha, iliyoanza kuhudumia wagonjwa wa kifua kikuu mwaka 1926, leo inawapokea wengi wao.

Lakini kwa Njombe vumbi huenda lisiwe jambo kubwa kuliko yote. Kubwa ni mkusanyiko. Maelfu ya vijana watapita Makambako, pale ambapo barabara kuu ya Zambia inakutana na ile ya Songea na reli ya TAZARA ina stesheni yake. Mji huo tayari una nyumba za wageni, madereva, makuli, wafanyabiashara wa mahindi na mbao. Wengi hawalali mahali pamoja wiki mbili mfululizo, na mtu wa namna hiyo ndiye anayepotea kwenye rejista. Ongeza kambi ya ujenzi, vyumba vya watu wanane, na mkoa wenye VVU vingi kuliko yote. Zamani Njombe ilipeleka vijana mgodini na kupokea vikohozi. Safari hii mgodi wenyewe unakuja nyumbani.

Kuchelewa kuwe faida

Na hapa ndipo ninapoona nafasi ambayo Afrika Kusini haikuipata. Mradi umechelewa, na kila mtu Ludewa amelalamika kwa haki. Lakini kuchelewa huko kumetupa muda wa kujenga kinga kabla ya ugonjwa, ilhali kwingineko kote imejengwa baada.

Sheria ya usalama na afya mahali pa kazi ya mwaka 2003 inadai wafanyakazi wapimwe afya kabla ya kuajiriwa, wakiwa kazini na wanapoondoka. Vipimo hivyo visigeuke chujio la kuwafukuza wagonjwa, maana vikigeuka hivyo watu wataficha kikohozi. Anayekutwa na ugonjwa atibiwe, na kazi yake imsubiri; baada ya wiki chache za dawa zinazofanya kazi, wengi hawaambukizi tena. Mwamba utobolewe kwa maji. Mabweni yajengwe kwa madirisha yanayotazamana, watu wachache kwa chumba. Mfanyakazi anayehama aondoke na karatasi ya uhamisho na simu ipigwe anakokwenda. Na Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, ulioanza kazi mwaka 2015, uwe na kumbukumbu za mapafu ya kila mtu tangu siku yake ya kwanza, ili miaka ishirini baadaye mjane asiulizwe ushahidi.

Vijijini kazi ni ya nyumba kwa nyumba. Kila mgonjwa anapopatikana, walioishi naye wachunguzwe wiki ileile, watoto kwanza. Chanjo ya BCG humkinga mtoto mdogo dhidi ya aina kali za ugonjwa, ila haimlindi mtu mzima kwa uhakika. Wasiougua wapewe dawa kinga. Ipo sasa dozi ya kumeza mara moja kwa wiki kwa wiki 12 tu. Mpango wa wahudumu wa afya ngazi ya jamii uliozinduliwa Januari 2024, unaolenga kufunza zaidi ya wahudumu 137,000 nchini, ndio miguu ya kazi hii, ilimradi miguu hiyo ilipwe. Januari 2025 Marekani iliposimamisha misaada yake ya nje, miradi mingi ya kifua kikuu na VVU barani ilitikisika ndani ya siku chache tu. Kazi inayotegemea mfadhili hulala siku mfadhili anapogeuka.

Mwisho ni chakula. Huko Jharkhand, India, utafiti uliochapishwa 2023 ulizipa familia za wagonjwa vikapu vya nafaka, kunde na maziwa ya unga, na wanafamilia waliougua baadaye wakapungua kwa karibu asilimia 40. Matibabu hayana bei hapa Tanzania, lakini nauli, siku zisizo na kibarua na mlo wa mgonjwa vina bei. Karibu nusu ya kaya zenye mgonjwa hutumia zaidi ya moja ya tano ya kipato chao cha mwaka kwa ugonjwa huu. Mkoa unaojaza malori ya viazi na mahindi hauwezi kushindwa kupeleka gunia la maharage kwenye nyumba ya mgonjwa kwa miezi sita. Halmashauri ikisema haina fungu, vyama vya ushirika na makanisa yana maghala.

Tutajuaje kama tunashinda? Idadi ya wagonjwa haitatwambia mapema, kwa kuwa ukitafuta vizuri, mwanzoni utapata wengi zaidi. Napendekeza namba nyingine, ambayo mwenyekiti wa kijiji anaweza kuielewa bila daktari. Kila mgonjwa anapoanza dawa, aulizwe alianza kukohoa lini. Siku zihesabiwe, wastani uandikwe kwa chaki kwenye ubao wa zahanati, bila jina la mtu yeyote. Kijiji ambacho leo kinaandika 120 kijaribu kuandika 60 mwakani, kisha 21. Styblo aliiuliza rejista mgonjwa aliishia wapi. Sisi tuiulize pia alichukua muda gani kufika.

Kisha Juni irudi na baridi yake, kila mtu akohoe kama kawaida, na muuzaji wa duka la dawa, kabla ya kunyoosha mkono kwenye rafu, aulize: tangu lini?